Slabu ya Matundu Matano

Slabu niliyoagiza kwa ajili ya jiko la mke wangu ililetwa ikiwa na matundu matano, na kando ya kila tundu kulikuwa na pa kukanyaga miguu miwili. Ililetwa Jumamosi saa nne asubuhi, mchungaji akiwa katikati ya maombi, mke wangu na shangazi yake wakiwa wamesimama mlangoni, na nyuma ya lori kukiwa na watu kama thelathini waliolifuata kutoka mjini. Nimekaa na aibu hii miezi miwili, na kwa sababu Lodwar nzima inaijua tayari, na wengi wanaisimulia vibaya, afadhali niieleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa Desemba iliyopita, mwaka 2012. Mimi ni mtu wa Webuye, niliyeletwa Lodwar na serikali kuandika ripoti za mikutano na kuzituma Nairobi (kazi yangu, tafadhali kumbukeni hili, ni kusikia watu wanasema nini na kukiandika sawasawa). Mke wangu, Mama Tina, alikuwa amejaribu kuishi nami huku miaka mitatu nyuma, katika nyumba ya kupanga isiyo na jiko la maana, akipika ameinama juu ya makaa yaliyowekwa chini, na baada ya miezi mitatu mgongo ukamshinda akarudi Webuye na watoto na cherehani yake. Hakurudi kwa hasira. Aliniambia kwa upole, "Baba Tina, siku utakayonijengea jiko la kusimama, nitakuja nilione, halafu nitakuambia kama nahamia."

Basi nikajenga nyumba ndogo Nawoitorong, nje kidogo ya mji, vyumba vitatu na jiko. Kuta zikaisha, bati likapanda, ikabaki slabu, ile sehemu ya juu ya kukatia mboga na kuwekea stovu, ambayo kwetu sote tuliokulia Kenya huitwa slabu tu, wala hakuna mtu anayeuliza slabu ya nini.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilichukua daftari nikapiga mistari, nikaandika kila kitu kinachoweza kutumika na ubaya wake. Mbao: mchwa wa Lodwar watazimaliza kabla ya Pasaka. Vigae: vizuri kwa macho, lakini mchanga wa huku unaingia katika ile mistari ya katikati, na unga nao unaingia, na kabla hujajua una shamba. Saruji iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu kwa uji wa saruji: fundi wa jirani angeifanya kwa siku mbili, imara, rahisi kufuta, lakini (hapa ndipo kiburi kiliponishika) kila nyumba mtaani ilikuwa nayo, na mimi nilitaka mke wangu akiingia apigwe na butwaa. Graniti ya Eldoret: ingefika kwa ile barabara ya Kitale ikiwa kokoto.

Wiki hiyohiyo nikatumwa Kakuma kwa mkutano wa machifu. Nikipita katika kambi ya wakimbizi niliona ngazi ya kanisa moja, nyeusi na nyeupe, ina vijiwe ndani yake, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikauliza ni kazi ya nani. Akaja mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, mpole, suruali imejaa vumbi la saruji, wanamwita Papa Dezire.

"Njo kazi yangu, patron," akasema. "Iko granito."

Granito! Mimi na Kiingereza changu cha ofisini nikasikia graniti. (Baadaye nilijulishwa kwamba kwao granito ni ile tunayoiita terazo, vijiwe vilivyomwagwa ndani ya saruji vikasuguliwa mpaka vikalainika.) Nikachukua namba yake, na jioni nikampigia mke wangu simu nikamwambia jiko lake litakuwa la graniti. Akasema, "Graniti? Wewe?" Nikajiona mrefu.

Sasa uamuzi mdogo ulioharibu kila kitu ni huu: sikurudi Kakuma na mchoro. Nilikuwa nimeuchora tayari kwa rula, una vipimo na mishale, lakini barabara ilikuwa mbaya na ripoti zilikuwa nyingi, nikaona kuna haja gani, si nitapiga simu? Nikampigia nikiwa nimesimama kando ya jenereta ya ofisi, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli, kidole kimoja sikioni. Mazungumzo yale nimeyarudia kichwani mara nyingi mno, na ninaweza kuyaandika neno kwa neno.

"Papa Dezire, nataka slabu ya granito. Futi nane kwa mbili."

"Slabu ya granito?" Akashangaa. "Patron, slabu ya granito sijafanya hata siku moja."

"Basi ndiyo utafanya. Mimi ni mtu wa serikali, nataka kitu kizuri."

"Aah, ni ya serikali. Bon. Futi munane haitabana?"

"Hapana, ndiyo nafasi iliyopo. Na tafadhali usisahau tundu, sinki."

"Matundu sinki?"

"Sinki, ndiyo."

"Yote ku mustari moja?"

"Mstari mmoja, ukutani."

"Kipimo gani?"

"Cha kawaida. Kama unavyofanyaga."

Kukawa na kelele, jenereta ikakohoa, nikasikia anauliza jambo kuhusu pa kukanyaga, aweke au asiweke. Nikafikiri, jamani, mzee huyu ana roho nzuri, nilimwambia Kakuma kwamba mke wangu ni mfupi na yeye amefikiria kumtengenezea kijukwaa cha kusimamia! Nikamjibu kwa sauti kubwa, hata askari wa lango akageuka: "Weka, mzee wangu! Weka pa kukanyaga!"

Ndivyo nilivyoagiza choo.

Kwa maana, na hili ningelijua kama ningeuliza swali moja tu, Papa Dezire alikuwa amefanya kazi miaka sita akimwaga slabu za vyoo vya kambi. Kambini ukisema slabu ni hiyo, hawana nyingine. Na watu wa kwao huhesabu kwa Kifaransa wakati wowote wanapojisikia, na tano ya Kifaransa, ukiisikia kupitia simu mbovu na jenereta, haina tofauti na sinki. Sinki yenyewe wao huiita lavabo. Kwa hiyo mtu wa serikali alikuwa amepiga simu akataka choo cha watu watano, kwa mstari mmoja, cha granito. Mzee aliniambia baadaye kwamba hakulala vizuri siku hiyo. Alishangaa. Lakini, akasema, serikali ni serikali.

Mke wangu akaja na shangazi yake, ambaye sisi kwetu tunamwita Senge, mama mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa maneno, aliyekuja kwa kazi moja ya kuniangalia. Nilikuwa nimealika akina mama wa kanisa na mchungaji wabariki nyumba. Nilitaka slabu ishushwe mbele ya watu wote. Nilipanga hivyo kabisa, kwa daftari.

Dereva wa lile lori alikuwa akitoka Nadapal kwenye mpaka, akapitia Kakuma kuchukua mzigo, mgeni wa Lodwar, na alipofika mjini hakujua Nawoitorong iko wapi, wala Papa Dezire hakujua. Akaangalia mzigo aliobeba, umesimamishwa wima nyuma na kufungwa kamba, matundu yote matano yanaangalia barabara, akafungua dirisha akauliza watu sokoni, "Choo ya serikali inajengwa wapi?" Hakuna aliyejua, lakini kila mtu alitaka kujua. Wa bodaboda mmoja akasema labda ni kwa yule mtu wa ripoti anayejenga. Wakaja wote.

Ndani mchungaji alikuwa amefika mahali pazuri. "Ubariki jiko hili, Bwana, na vyote vitakavyowekwa juu yake..." Honi ikalia. Tukasema amina haraka tukatoka.

Papa Dezire alikuwa juu ya lori, amevaa shati jeupe na tai, ameshika slabu kama bwana harusi. Ilikuwa nzuri, jamani. Lazima niseme ukweli. Inang'aa, ukingo wake laini kama sahani, matundu yamesuguliwa hata ndani, na zile sehemu za miguu amezitia vijiwe vyekundu ili mtu asikosee.

Watu wanane wakaishusha wakailaza mlangoni. Jirani yangu Mama Ekai, mwanamke Mturkana ambaye sijawahi kumwona akicheka, akaizunguka yote, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ejok," akasema, yaani ni nzuri. "Ejok sana. Tuliomba hii choo mpaka tukachoka. Sasa, wanawake wataingia upande gani?"

Mchungaji akakohoa. "Ndugu, tuendelee kubariki jiko, ama kuna ombi lingine?"

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, kikaanzia kwa akina mama wa kanisa kikafika mpaka kwa wa bodaboda aliyekuwa barabarani. Senge hakucheka. Aliinama akaigonga kwa kidole.

"Mkwe, ulituambia graniti."

"Ndiyo, Senge."

"Hii ni terazo. Kama sakafu ya benki." Akajinyoosha. "Na huku Turkana, mnapika mkiwa mmechuchumaa?"

Ningetaka kuwaambia kwamba nilicheka pamoja nao. Sikucheka. Nilimtazama mke wangu, kwa sababu ni yeye tu niliyejenga kwa ajili yake, nikaona ameziba mdomo kwa leso na mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au ni nini. Halafu akatoa leso, akapita watu wote, akaenda kwa Papa Dezire, aliyekuwa ameketi juu ya gurudumu ameshika kichwa.

"Munisamehe, mama," mzee alikuwa akisema. "Patron alisema slabu. Alisema sinki. Alisema niweke pa kukanyaga. Nilimuuliza yote."

"Najua alisema, Papa," akamwambia. "Huyu husikia anachotaka. Ingia unywe chai."

Wakaingia. Kupitia dirishani nilimwona anamwonyesha ukuta, anasimama, anapima kwa kiwiko chake pale mkono unapofika bila kuinama, na mzee anachora kwa chaki. Hawakuniita. Nilibaki nje nikimweleza Mama Ekai, na kueleza kule ndiko kulikoniumiza kuliko kicheko, kwa maana yeye hakuwa anatania. Nyumba zile kumi na moja za nyuma yetu hazikuwa na choo hata kimoja. Slabu ikachukuliwa wiki iliyofuata kwa mkokoteni, na wanaume wa kwake wakaanza kuchimba shimo, na hilo angalau siwezi kulionea aibu.

Jumatatu niliwasindikiza Mama Tina na Senge kwenye basi la Kitale. Nilitaka kumuuliza mke wangu kama atahamia, nikashindwa, nikaishia kuuliza kama wamebeba maji. Akasema wamebeba.

Tangu siku hiyo nina kiapo kimoja: sijibu ndiyo kwa jambo ambalo sijalisikia mpaka mwisho, hata kama jenereta inanguruma, hata kama nitaonekana mjinga kwa kuuliza mara tatu. Na mchoro naupeleka mwenyewe.

Sasa ni Februari. Ukuta wa jiko bado una alama ya chaki na hakuna slabu. Wiki iliyopita nilikwenda Kakuma kwa kazi, nikampitia Papa Dezire, nikakuta amejenga fremu mpya ya mbao ya kumwagia slabu, futi nane kwa mbili, ndani yake tundu moja la mraba. Nikamuuliza nani ameagiza. Akatazama chini, akapangusa mikono.

"Mama alinipigia simu kutoka Webuye," akasema. "Mara mbili."

"Amesema anakuja?"

"Patron, alisema maneno mingi. Lakini alisema pia nisikuambie."