Mtani na Kuku wa Bibi

Mjukuu wangu amejenga banda la kuku huko Ihumwa, akaniita nikalione. Banda zuri, lina wavu pande zote na bati juu, na mlango una kufuli. Akaniuliza, je, nyinyi zamani kuku mlikuwa mnawaweka wapi? Nikamwambia tulikuwa tunalala nao. Akacheka, akadhani namtania. Nikanyamaza, kwa sababu jua lilikuwa kali na habari yenyewe haisimuliki mtu akiwa amesimama. Wewe umeketi, basi nitakuhadithia.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, kama nyumba zote za Ugogo wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Ndefu, ya miti na udongo, paa bapa ambalo mtoto aliweza kutembea juu yake, na katikati ua wa ng'ombe. Kizimba cha kuku kilikuwa ndani, katika chumba cha ndama, nyuma tu ya ukuta tuliolalia. Bibi, mama yake baba, alikijenga mwenyewe kwa fito na udongo, akakiinua juu ya miti yenye panda ili nyoka na kicheche wapate tabu. Kila jioni alipiga ulimi, kuku wakapanda kigogo kilichochongwa vidato, naye akamgusa kila mmoja mgongoni akiingia. Kisha alifunga kwa kipande cha gome na kukizuia kwa mchi. Nilikuwa nikilala nasikia wakisogeleana kule ndani, na harufu yao ilikuwa ndiyo harufu ya usingizi wangu. Sijui niiseme vipi zaidi ya hapo.

Kazi zangu zilikuwa majivu na mchwa. Majivu niliyanyunyiza kizimbani kuua utitiri, na nikitoka humo nilijikuna mpaka mchana. Mchwa tuliwatega: unajaza kinyesi cha ng'ombe na makapi katika chungu kibovu, unalowesha, unakifudikiza juu ya kichuguu, na asubuhi ukikiinua kimejaa. Vifaranga walikuwa wananikimbilia nikiwa bado mbali. Mchana nilikaa juu ya paa na fimbo kumfukuza mwewe. Nilikuwa na tetea wangu, mweusi, shingo haina manyoya, mbaya wa sura kuliko kuku wote wa bibi, na nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Bibi alikuwa akisema yule atakufa mzee kwa vile hakuna mgeni atakayemtamani.

Isipokuwa mmoja. Tembe yetu haikuwa mbali na njia ya misafara, na kila kiangazi alipita mpagazi mmoja Mnyamwezi, mtu mrefu mwenye bega lililoota sugu. Wanyamwezi ni watani wetu, na huyu alikuwa mtani wa bibi hasa. Hakubisha hodi. Alisimama uani akapaza sauti: "Wewe Mgogo mwizi, kuku wangu wako wapi?" Bibi naye akatoka mbio kumwita punda wa miguu miwili, akamuuliza mama yake alimzaa na mzigo kichwani au aliuokota njiani. Yeye akamwambia masikio yake, yaliyotobolewa na kuvutwa marefu kwa desturi yetu, yangefaa kufungia ndama. Kisha anamkamata kuku yeyote anayemtaka, na bibi hawezi kumzuia, kwa kuwa ndio utani wenyewe. Siku moja alimshika tetea wangu, nikalia, akamrudisha akisema hata fisi angemwonea huruma. Bibi naye alimnyang'anya kofia, hakumpa mpaka alipoacha pakiti ya chumvi. Siku hizo nyumba nzima ilicheka, na mama alisahau moshi jikoni.

Reli ilipofika, misafara ikakoma. Mtani hakupita tena. Bibi alimtaja mara moja moja, akisema labda mzigo umemwangukia.

Halafu vikaja vita vya Wazungu, na mvua nayo ikagoma. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Ng'ombe walichukuliwa. Uwele uliota ukakauka ukiwa kimo cha goti. Tukabaki bibi, mama, mimi, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, na kuku. Bibi alikuwa amepatana na mchuuzi mmoja Mrangi wa Kondoa, mtu wa kuaminika, kwamba akishuka na punda wake atatuachia nafaka, naye atachukua kuku. Kule milimani kwao walikuwa wamevuna kidogo. Kwa hiyo kuku wale ndio waliokuwa chakula chetu cha miezi ya mbele, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, hata mimi.

Askari wa Mdachi walikuwa wanapita tembe kwa tembe na matenga, wanakusanya kuku wa kambi. Bibi akawahamisha wake. Tulikuwa na kihenge kikubwa cha nafaka, kikavu, hakina kitu. Akawaingiza humo, akafunika ungo na ngozi juu. Kuku gizani hunyamaza. Jogoo ndiye aliyekuwa tatizo, naye bibi akampangia vijiti karibu sana juu ya kichwa, maana jogoo asiponyoosha shingo hawiki. Tukawalisha mchwa kwa tundu la chini. Kizimba kikaachwa wazi, majivu yamepoa, buibui wametanda mlangoni. Askari walikuja, wakachungulia, wakatema mate, wakaenda zao. Majirani walikwisha kuporwa wote, kuku wetu wakapona. Mama alianza kupata usingizi.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi, natwanga ubuyu. Nikasikia sauti uani: "Wewe Mgogo mwizi, kuku wangu wako wapi?"

Bibi aliacha alichokuwa anakifanya. Nilimwona uso wake unafunguka, na ulikuwa haujafunguka tangu baba aondoke. Alikuwa ni yeye, mtani, amevaa kaki ya askari wa Mdachi na kofia yenye kitambaa cha kufunika kisogo, amekonda. Bibi akaanza pale pale. Akamuuliza ni nani aliyemvisha punda nguo. Akamwambia bunduki imemkaa vibaya, bega lake linajua mizigo tu. Naye mtani akajibu kidogo, akacheka kidogo. Akauliza tena habari ya kuku wake.

Sasa hapa ndipo watu wa leo wananiuliza kwa nini bibi hakumficha. Mtani hafichwi kitu. Ukimficha mtani umeuvunja utani, na mtu aliyekuwa akija tangu wewe hujazaliwa si mtu wa kumvunjia. Bibi alimshika mkono akamwingiza ndani, akaenda mwenyewe kwenye kihenge, akainua ungo, akachomoa kuku mmoja kwa miguu na kumtupia, akisema, "Kula, ufe, tupumzike." Alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.

Ombasha, mkubwa wa kikosi chao, alikuwa nje ya ukuta na askari wengine, amesikia kicheko. Akaingia. Akatazama kihenge, akatazama kuku mkononi mwa mtani, akaita matenga.

Bibi hakuelewa upesi. Walipokuwa wanatoa kuku na kufunga miguu, bado alikuwa anatukana, anamwambia mtani leo amekuja na ukoo mzima wa punda. Alingoja ajibiwe. Mtani aliinama tu, anafunga kamba, hamtazami. Tenga la kwanza lilipojaa ndipo bibi aliponyamaza. Walimchukua jogoo, na matetea wenye mayai, na tetea wangu wa shingo tupu, ambaye hakuna mgeni aliyemtamani. Mpaka leo sijui kama mtani alitumwa mbele makusudi, au alikuja kwa nia ya zamani na wenzake wakamfuata. Bibi hakulizungumza hilo, nami sikuuliza.

Sikulia. Mama naye hakulia. Walipoondoka niliendelea kutwanga ubuyu, na nakumbuka nilikuwa naangalia mchi unavyopanda na kushuka nikaona kama si mkono wangu. Mchuuzi wa Kondoa alikuja kama alivyoahidi, akakaa kidogo, akatupa kibaba cha huruma, akaondoka na nafaka yake kutafuta wenye kuku. Hakuwa na kosa. Tulikula mlenda bila ugali, tukala mizizi, maziwa ya mama yakakauka. Mdogo wangu hakuifikia masika. Tulimzika, tukarudi, bibi akafagia ua. Nilitaka kuhisi kitu nikakikosa, na ninakuambia kweli, hata sasa nikikitafuta nakikosa.

Baadaye Mdachi akashindwa, majeshi yake yakaondoka kwenda kusini. Siku moja, jua la utosi, yule mtani akarudi peke yake. Hana bunduki, hana kofia, miguu imefungwa matambara, anaelekea kwao. Alisimama uani. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Wewe Mgogo mwizi."

Bibi akatoka polepole. Akamtolea kigoda. "Mbukwa, mgeni. Karibu ukae," akamwambia, kama anavyosalimiwa mtu usiyemjua. Akaniagiza maji, akampa kwa mikono miwili. Akamuuliza kama safari ilikuwa njema, kama nyumbani kwake ni wazima, kama mvua imenyesha kule. Yote hayo kwa upole, macho yameinama. Sikuwahi kumsikia bibi akimwuliza mtu yule habari za nyumbani.

Mtani alijaribu tena. Akataja masikio ya bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa, kama vile ameambiwa habari ya kweli.

"Bibi," akasema yule mtu, "nitukane."

"Mgeni hatukanwi," bibi akamjibu.

Alikaa na kibuyu magotini, maji hayanywi. Kisha akayanywa yote, akarudisha kibuyu, akasimama na kusema, "Shikamoo." Hakuwahi kumwamkia bibi hivyo katika maisha yake.

"Marahaba," akasema bibi, akaingia ndani.

Nimefuga kuku wengi tangu hapo, wengine wameliwa na mwewe, wengine na magonjwa, wengine na wageni. Tembe zimebomoka, watoto wanajenga kwa matofali. Wanyamwezi bado wanapita, wanashuka kwenye treni, wananisalimu vizuri sana, wananiita mama, sasa bibi. Nawaitikia. Ni miaka mingi mno sasa hakuna mtu aliyeingia uani kwangu bila hodi na kuniita mwizi.