Siku Bila Chupa

Mwanangu, naikumbuka hata saa yenyewe: saa saba kasoro dakika kumi, mchana, nilipoinuka kwenye benchi la baa ya katikati ya njia na kwenda kuwasha lori. Ulikuwa wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, na mji wetu wa Lubumbashi bado ulikuwa unaitwa Elisabethville. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, dereva wa lori la samaki. Nilipakia Kasenga, kwenye mto Luapula, alfajiri, samaki wakiwa wamelazwa ndani ya barafu. Wanawake wenye samaki hao walikaa juu ya mzigo, nami nilitakiwa kuwafikisha mjini kabla ya giza, kwa sababu usiku ilikatazwa kutembea.

Kwanza nikueleze kwa nini dereva alikuwa anakaa baani mchana, ili usidhani nilikuwa mpumbavu kuliko wenzangu. Siku zile barabara ilibadilika kila mara. Leo askari wameweka kizuizi, bariera kwa lugha yetu, hapa, kesho wamekihamisha kilomita kadhaa. Daraja linaweza kufungwa bila tangazo. Redio haikusema mambo hayo. Waliojua ni madereva waliotoka upande wa pili asubuhi hiyo, nasi tulikutana nao katikati ya njia, kwenye baa hiyo moja. Desturi ilikuwa kwamba habari za njia hutolewa mezani, na kila aliyekaa mezani huwanunulia wote chupa. Mkiwa wawili, unakunywa mbili. Mkiwa watano, unakunywa tano, hata kama kiu yako iliisha kwenye ya kwanza. Kukataa kulichukuliwa kama kusema hutaki habari ya mtu, au huna ya kumpa.

Siku hiyo tulikuwa watano.

Sikuyumba, mwanangu. Hilo nataka ulielewe vizuri. Nilitembea sawasawa, nikafunga kamba za turubai, nikacheka na watu. Nilikuwa nimezoea, na aliyezoea hajioni. Madereva wengine walikuwa wameshaondoka, wawili kuelekea Kasenga na wawili mbele yetu. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Hapo Mama Mwansa, mkubwa wa wale wanawake, mjane aliyekuwa anauza samaki tangu mimi sijazaliwa, akaniuliza swali la kawaida kabisa.

"Shofere, banasema nini juu ya njia?"

"Njia iko muzuri, Mama. Banahamisha bariera tu."

"Banaiweka wapi?"

"Kisha kuvuka daraja."

"Daraja gani? Ile ya mbao?"

"Ile ya mbao. Unasimama mbele ya kuvuka, unazima moteri, unangojea."

Kwetu "mbele ya kuvuka" ni kabla ya kuvuka, na "kisha kuvuka" ni baada. Akanitazama. "Unasimama mbele ya kuvuka, na bariera iko kisha kuvuka? Sasa unasimama unangojea nani? Samaki?"

Wanawake wakacheka. Mmoja, msichana mwenye ulimi mwepesi, akasema kutoka juu ya mzigo, "Bariera ya huyu iko na miguu. Inatembea!"

Nilicheka nao, kisha nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka mkono wa dereva aliyenieleza, ulivyochora barabara kwa bia iliyomwagika mezani. Nilikumbuka kwamba alisema jambo juu ya pipa lililowekwa pembeni, na kona, na askari wasiopenda gari linalowajia bila kupunguza mwendo. Lakini pipa lilikuwa kabla ya daraja au baada? Nilimjibu tena "mbele ya kuvuka", halafu nikajisahihisha "kisha kuvuka", na mara ya pili nilisema kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Mtu asiyejua huwa anapandisha sauti.

Mama Mwansa hakubishana. Alishusha kapu lake la nguo, akalifuata yeye mwenyewe, akaketi kando ya barabara.

"Mi sipande," akasema.

"Mama, samaki itaoza! Barafu inakwisha!"

"Najua barafu kuliko weye. Samaki ikioza, nitalia. Minyewe nikioza, nani atalia? Bana bangu bako wane." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Mwana, sikukatale weye. Weye ninakupenda. Lakini leo ni chupa njo itaendesha."

Wengine walisita. Mzigo ule ulikuwa mtaji wao wote, na kila mmoja alijua kwamba samaki mbichi hawangoji. Walitazamana, wakalitazama lori, wakamtazama yeye. Halafu wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka juu ya turubai pakabaki patupu. Kungoja nilale niamke mzima kungetupeleka hadi giza, na gizani hakuna aliyepita. Maana ya kushuka kwao ilikuwa kulala pale, na samaki mbichi hawangefika sokoni wakiwa wabichi.

Nilikasirika. Nilimwambia nimeendesha hivyo mwaka mzima bila kuua hata kuku. Hapo ndipo aliponiuliza jambo ambalo sijalisahau.

"Muzuri. Uniambie siku moja tu, mu hii posho, yenye hukukunywa."

Posho kwetu ni wiki, kwa sababu zamani chakula cha wafanyakazi kiligawiwa kila wiki. Nikaanza kuitafuta siku hiyo. Jumatatu nilikuwa njiani, nikakaa kwenye meza ile. Jumanne nilipumzika mjini, kwa hiyo nilikunywa na jirani. Jumatano njia tena. Jumapili, baada ya misa. Nilirudi nyuma hadi wiki iliyotangulia, nikakuta hivyo hivyo. Sikuwa nimewahi kuamua kunywa kila siku. Kila chupa ilikuwa na sababu yake nzuri: habari, urafiki, uchovu, sikukuu. Ukizitazama sababu moja moja, zote ni za kweli. Ukizipanga pamoja, huoni siku iliyobaki tupu.

"Hakuna, Mama," nikasema.

"Basi kamata shoka," akajibu. "Tunahitaji kuni."

Walioishi kando ya barabara walituazima vichanja. Wanawake walipasua samaki, wakawapanga, wakawakausha kwa moshi, na mimi nilikata kuni mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyenitukana. Msichana yule tu alinipitia na kapu akasema, "Shofere, kata kuni mbele ya kuvuka, ao kisha kuvuka?" Baadhi ya samaki waliharibika. Waliobaki waliuzwa baadaye kwa bei ya chini kuliko ya samaki mbichi, na hasara ilikuwa ya wale wanawake, si yangu. Hilo liliniuma kuliko viganja.

Asubuhi lori la kwanza kutoka mjini lilifika. Nilimfuata dereva kabla hajakaa popote, nikamuuliza. Kizuizi kilikuwa kabla ya daraja, mara tu baada ya kona kwa anayetoka Kasenga, na pipa la kuonyesha mahali pa kusimama lilikuwa nyuma zaidi, kabla ya kona. Mimi jibu langu la mwisho, lile la sauti kubwa, lilikuwa baada ya daraja. Ningeingia ile kona kwa mwendo wangu wa kawaida. Sijui askari wangefanya nini, wala sitaki kukutungia. Najua tu kwamba nilikunywa chupa tano ili niipate habari ile, na chupa zile zile ndizo zilizoninyang'anya.

Mwenye lori aliposikia, alinishusha kwenye usukani. Kwa miezi kadhaa nilikuwa msaidizi wa dereva mwingine, kazi ya kuweka mawe chini ya magurudumu na kumwaga maji kwenye rejeta. Katika muda huo nilijaribu jambo ambalo Mama Mwansa alinishauri: siku ya njia, hakuna pombe kabisa, na siku za nyumbani, chagua mbili kabla wiki haijaanza, zisiguswe.

Nilidhani tatizo litakuwa kiu. Halikuwa kiu. Lilikuwa mkono mtupu mbele ya watu. Basi nikaagiza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ule uliopikwa siku hiyo hiyo, kabla haujachacha na kuwa pombe. Mezani walinikaribisha kwa maneno. "Uko na mimba?" "Umekuwa pasteri?" Nikanunua chupa zao kama desturi ilivyotaka, nikanywa munkoyo wangu, nikauliza habari za njia. Wakanipa. Zote, bila kupunguza. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba habari ililipwa kwa kulewa pamoja. Kumbe ililipwa kwa kukaa pamoja. Siku niliporudishiwa lori, Mama Mwansa aliniuliza njia ikoje, nikamjibu mara mbili kwa maneno yale yale, akapanda akaketi mbele, karibu nami.

Sasa nikuambie wewe, uwe unafanya biashara mtaani Kampemba au unasoma chuo kikuu pale Kasapa. Sikukatazi kunywa, mimi mwenyewe bado nakunywa kidogo. Nakuomba uchague siku zako bila chupa mapema, kabla rafiki hajakuchagulia, na usilipize siku hizo kwa kunywa maradufu Jumamosi. Kula kwanza. Kunywa polepole, na maji katikati. Meza ikiwa kubwa, idadi ya watu isiwe idadi ya chupa zako. Mahali ambapo uhai wa mtu mwingine uko mikononi mwako, usiguse hata moja. Na kama asubuhi mikono yako inatetemeka mpaka unywe, usikate ghafla ukiwa peke yako, kwa maana mwili uliozoea sana unaweza kuugua vibaya. Nenda kwa daktari umwambie ukweli, naye akuongoze hatua kwa hatua. Hiyo si aibu. Ni ugonjwa kama mwingine.

Na ikiwa siku moja watu watakataa kupanda gari lako, mwanangu, washukuru. Wamekupa siku nyingine ya kuishi.

Mungu akupe akili timamu asubuhi na kumbukumbu safi jioni. Akupe marafiki wanaofurahi kukuona hata ukiwa na kikombe cha maji. Na wote watakaopanda gari lako wafike nyumbani, wakikutaja kwa wema.