Kamera Iliyoona Gesi Chini ya Mikorosho ya Bibi

Niliamini, tena kwa moyo wote na figo zote mbili, kwamba kamera ya mama mmoja wa Kiingereza ilikuwa inaona gesi chini ya ardhi. Inaona gesi, inaona na kina chake, na inajua kabisa kama ni ya kuchemshia chai au ya kuendeshea viwanda. Ikisimamishwa shambani kwako juu ya miguu yake mitatu, basi kesho asubuhi utakuta mnazi wako una alama ya X nyekundu, na keshokutwa unahamia kwa mjomba na kuku wako.

Habari hii nilipewa na mwenzangu wa dawati moja kwenye masomo ya jioni, pale mtaa wa Ufukoni, Mtwara mjini. Aliwahi kuwa mlinzi wa geti karibu na visima vya gesi upande wa Msimbati, kwa hiyo akizungumzia gesi utadhani visima vile alivichimba kwa kucha zake.

"Wewe unadhani ntu atatoka Ulaya aje kupiga picha mihogo?" aliniuliza. Ndivyo tusemavyo wengi wa kusini, ntu, ntoto, nnazi. Shule imejaribu ikashindwa. "Fikiri, msomi!"

Nikafikiri. Alipokwisha kuniita msomi, kesi ilikuwa imekwisha. Ningekubali hata angeniambia kamera ile inataga.

Miaka ile nilikuwa fundi baiskeli wa mchana na mwanafunzi wa jioni. Darasa la saba nililimaliza zamani, kidato cha nne nikakisomea na mvi mbili za kwanza kichwani. Kiingereza changu kilikuwa kizito, sentensi moja ilihitaji watu wawili kuibeba, lakini darasani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mbele. Kwa hiyo yule mama alipofika Mtwara akamwomba mwalimu wetu mkalimani wa kwenda naye Msimbati, mwalimu alininyooshea kidole. Siku ile nilitembea kutoka darasani hadi nyumbani bila nyayo kugusa chini.

Tulipita kijiji cha Ziwani asubuhi, yeye akiendesha gari mwenyewe, kamera ameipakata kama mtoto mwenye homa. Nikamuuliza kazi yake hasa ni ipi. Akacheka, akasema kwao nako ndilo swali lao la kila siku.

Alianza kwa kuandika hadithi fupi, akiwa binti mdogo. Halafu rafiki yake akamwomba mchezo wa jukwaani. Akauandika, akapanga viti, akauza tiketi mlangoni, akafagia ukumbi. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba juu ya bucha, na siku ya kwanza mvua ilinyesha, wakaja watazamaji saba na mbwa mmoja. Mbwa, alisema, ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Baadaye akataka kueleza habari za baba yake, mtu wa kuosha madirisha ya maghorofa, asiyesema maneno kumi kwa siku. Akaandika hadithi, haikufaa. Akaandika mchezo, baba akasimama tu jukwaani kama mlingoti. Ndipo akaazima kamera akamfuata kazini, akapiga picha mikono yake. Hivyo akawa mtu wa filamu.

"Sasa wananiuliza, wewe ni mwandishi, ni mtu wa jukwaa, au ni mtu wa sinema? Chagua moja."

"Kwetu huku," nikamwambia, "mtu mmoja ni mkulima, ni mvuvi, ni mwashi, na jioni anapiga ngoma unyagoni, na hakuna anayemwambia achague."

Akasimamisha gari kabisa, akaliandika hilo kwenye daftari. Mimi nikavimba. Lakini nyuma ya kuvimba ubongo wangu ukawa unapiga hesabu: mtu mwenye kazi tatu, ya nne ya kutafuta gesi itamshinda?

Basi bwana. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na shamba lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka ufukweni Msimbati. Mikorosho kumi na minne, mihogo katikati, na kaburi la babu pembeni. Dunia nzima ya bibi ilikuwa mle. Alikaa juu ya jiwe barazani akibangua korosho kwa kirungu, na akibangua anasimulia. Kirungu kilikuwa sehemu ya hadithi. Sungura akiingia, pigo moja jepesi. Fisi akiingia, mapigo mawili. Mtu akifa, kirungu kinasimama hewani, nasi watoto pumzi zinasimama nacho. Nimewahi kuona watu wazima wamesahau ugali jikoni ukaungua kwa ajili ya kirungu kile.

Yule mama alimwona bibi siku ya kwanza tu, akatua begi. Akaniambia: huyu. Filamu yangu ni huyu. Mwambie nataka nimpige picha hapo hapo alipokaa, akibangua.

Nikatazama jiwe. Nikatazama mikorosho nyuma yake, na kaburi la babu nyuma ya mikorosho. Nikaiona X nyekundu, nyekundu kama bibo la mkorosho lililoiva, juu ya kila shina.

"Anasemaje mke mwenzangu, mume wangu?" bibi akaniuliza. Sisi wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zake.

"Anasema shikamoo."

"Maneno yote yale ni shikamoo moja? Marahaba. Kamera naiona. Mwambie nimo, apige hizo picha. Khanga mpya ipo sandukuni."

Nikamgeukia mgeni. Sijui yalitoka wapi, lakini yalitoka, tena kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote: kwamba kwetu, msimu wa korosho, bibi mzee hatazamwi na kioo cha kamera. Akitazamwa, mikorosho inaona haya na maua yanapukutika.

Mila hiyo haikuwahi kuwepo tangu mto Ruvuma uanze kutiririka. Yule mama akaishusha kamera polepole, kwa adabu kubwa, akafungua daftari akaiandika.

Tukaenda kupiga picha kwingine. Tulifika hadi mdomo wa mto, tukapiga picha mikoko, tukapiga picha viboko wa mtoni. Mmoja alikuwa na kinywa ambacho ungeweza kuegesha bajaji ndani. Tukapiga wanaokausha dagaa, tukapiga mafundi wa mitumbwi. Kila kamera iliposimamishwa kwenye shamba la mtu nilimwombea mwenye shamba kimya kimya, kisha nikashukuru kwamba si kwetu.

Na kila tulipopita nyumbani, bibi alikuwa juu ya jiwe lake na khanga mpya, amepaka wanja.

"Leo je, mume wangu?"

"Bado, bibi. Anatafuta mwanga mzuri."

"Mwanga! Jua lote hili la Msimbati halimtoshi? Au anangoja nirudi kuwa kigoli?"

Siku ya tatu hakutania. Alikunja pindo la khanga kidoleni, akakunjua, akasema taratibu, "Wamempiga picha mpaka mbuzi wa jirani. Nimemwona kwa macho yangu, anatafuna kamba na wanampiga picha. Mimi nina nini?"

Nilisema kitu kuhusu betri.

Lililonipa nafuu kidogo ni daftari. Mwenzangu wa dawati hakusema lolote kuhusu kalamu, na kalamu haina miguu mitatu. Kwa hiyo mgeni alipoomba angalau akae na bibi aandike, nilikubali haraka kama mtu anayelipa faini. Wiki mbili, kila alasiri baada ya sala, walikaa barazani na sahani ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha katikati yao. Hapo nilitafsiri kwa uaminifu wote, hata matusi ya fisi. Bibi akamfundisha maneno, akamshikisha kirungu, akamwambia mikono yake ni mizuri kwa kukandia unga tu. Mgeni akatafsiriwa, akacheka mpaka akapaliwa na ming'oko.

Filamu ilipokuwa tayari aliileta mwenyewe kijijini, tukatundika shuka kwenye ukuta wa shule baada ya magharibi. Kijiji kizima kilikuja, na nusu ya kijiji cha pili. Bibi alikaa mkekani mstari wa kwanza, khanga ileile. Watu walipiga vigelegele kila walipojiona. Mbuzi alipotokea, walipiga zaidi. Filamu ikaisha, shuka likabaki jeupe, watu wakasimama kujipangusa mchanga. Bibi hakusimama.

"Mume wangu," akasema, "mimi niko sehemu ya pili?"

"Ndiyo, bibi. Ya pili."

Na hiyo ya pili aliingoja. Aliwatangazia msikitini, kisimani, na kwa wanunuzi wa korosho. Kila nikirudi kutoka mjini, kabla ya salamu: "Ya pili imefika?" Alifariki katika msimu wa mabibo, mikorosho ikiwa imezaa kwa fujo, matunda yakianguka yenyewe wakati wa mazishi kama watu wanaobisha hodi. Tulimlaza karibu na babu. Hakuna aliyekuja na rangi nyekundu, si kabla wala baada.

Mwaka jana mgeni alirudi. Nywele zimekuwa nyeupe, na Kiswahili sasa anacho, kile alichopewa na bibi, kwa hiyo Mwingereza yule anazungumza kama mtu aliyezaliwa nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa na kitabu chembamba, mchezo wa jukwaani. Nilikisoma siku nne na kamusi pembeni. Ndani yake kuna bibi mzee anayesimulia nyuma ya ukuta wa makuti. Watazamaji hawamwoni hata mara moja, wanasikia tu mapigo ya kirungu. Kwenye ukurasa wa mwanzo ameeleza kwa nini: ni mila ya watu wa Msimbati, msimu wa korosho. Uongo wangu, umechapishwa, tena kwa herufi za mlalo.

Tulikwenda naye hadi shambani, ambalo sasa ni langu. Jiwe lipo. Kirungu kipo, hakuna anayekigusa. Akatoa kamera, kisha akasita, akaniuliza kwa heshima kama msimu umekwisha.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: mwenzangu wa dawati, geti, X, betri, mila niliyoitunga nimesimama palepale. Nikamwambia na habari ya sehemu ya pili.

Nilidhani atacheka, maana mimi mwenyewe kisa hiki nimechekesha nacho watu vijiweni miaka mingi, bila kile kipande cha mwisho. Hakucheka. Aliifungua ile miguu mitatu, akaisimamisha mbele ya jiwe, akaelekeza kamera, akaniita nichungulie.

Nikachungulia. Niliona jiwe, na kuku wawili.

"Unaona gesi?" akauliza.

"Hapana."

"Haioni chini," akasema. "Inaona ntu aliyekaa mbele yake, basi."