Mwezi Ambao Mama Hope Alifukuza Sukari

Mke wangu Filister ni msusi. Kwa miaka kumi na minane amesuka vichwa vya mtaa wetu mzima wa Lindi akiwa ameketi mlangoni petu, na mistari yake ilinyooka bila kuhangaika. Mwaka jana ikaanza kupinda. Wateja walivumilia, kisha wakahama mmoja mmoja, wengine wakipita mbele yake kimya wakidhani hawaoni. Kweli hakuwa akiwaona. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi.

Daktari alikuwa tayari kumpasua mpaka alipoona kipimo cha sukari: kumi na nne nukta tatu. Akasema jicho halipasuliwi na sukari ya namna hiyo. Arudi baada ya mwezi, na ikiwa bado iko juu, nafasi yake atapewa mtu mwingine. Vidonge vya kisukari Filister alikuwa akivimeza tangu zamani, lakini baada ya vidonge alimeza pia chapati nne na chai ya vijiko vitano.

Tulipofika nyumbani akachukua mkebe wa sukari, unga wa ngano na mafuta ya kukaangia, akampelekea jirani yetu Nelima vyote. Soda yangu pia ikaenda.

"Mama Hope, na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi si mgonjwa."

"Wewe unalala kwa hii nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi ni siku thelathini. Sisi wote."

Mimi ndiye baba wa nyumba hii, lakini jioni ile sikuona mahali pa kulisema hilo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujidanganya. Mtu alimwambia ugali wa wimbi hauna neno, basi akausonga mlima mzima, na juu yake tukala ndizi mbivu. Alipoenda zahanati kupimwa, sukari ilikuwa imeshuka kidogo tu. Muuguzi Gathoni, msichana mkali, akamuuliza anakula ugali kiasi gani. Filister akaonyesha kwa mikono miwili. Gathoni akaikunja mikono hiyo mpaka ikabaki ngumi moja.

"Ni hivi, mum. Hapo kwingine kote weka mboga."

Jamani, ngumi! Mimi ni Mjaluo. Usiku ule nilipouona ugali kwenye sahani nilifikiri ni wa kuonja, nikangoja wenyewe uletwe. Haukuletwa. Zikaletwa mboga za majani, managu na mrenda, na dagaa wa omena waliochemshwa kwa nyanya. Filister aliwachagua omena hao kwa kupapasa, akitoa mchanga na vijiti kwa ncha za vidole, na sikutafuna hata chembe moja ya mchanga. Mimi mwenye macho mazima nisingeweza.

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi ni seremala, natengeneza vitanda Gatina, kule Kawangware, na kando ya karakana kuna kibanda cha Mutinda cha chapati na madondo, yaani maharagwe. Kila saa saba mchana nilikuwa pale. Chapati mbili, siku nyingine tatu, na chai tamu ya kuteremshia. Jioni nilirudi nyumbani nikilalamika njaa. Niliona aibu, lakini sikuacha.

Filister hakuonja hata punje ya sukari. Siku ya kumi na tisa ndiyo iliyonitia hofu. Kina mama wa kanisa husali nyumba kwa nyumba, na Jumapili hiyo zamu ilikuwa yetu. Huku kwetu, mgeni asipopewa chai ya maziwa yenye sukari na kitu cha kutafuna, habari hufika hadi mtaa wa Olympic kabla yeye hajavaa viatu. Nikamwambia aombe sukari kidogo kwa Nelima, siku moja tu, wasije wakatusema. Akaendelea kumenya nduma, yale magimbi, kana kwamba sikuwepo.

Walikuja tisa. Akawapa nduma za kuchemsha na turungi, chai ya tangawizi isiyo na maziwa wala sukari. Mwenyekiti wao, Lenah, akaonja, akakohoa, akaangaza macho mezani.

"Filister, sukari iko wapi?"

"Iko kwa damu yangu, Lenah. Imejaa huko. Kwa hii nyumba hakuna."

Nilitamani sakafu inimeze. Kisha Lenah akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na wengine wakafuata. Sinia ilirudi tupu. Waliposali, wakamwombea nguvu za zile siku kumi na moja zilizobaki, na aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Siku ya thelathini na moja tuliamkia hospitali. Akatobolewa kidole. Sita nukta nane. Daktari hakuamini, akaagiza kipimo kirudiwe. Sita nukta saba.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekula," Filister akasema.

Nikalia mbele ya foleni nzima, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja. Nilifurahi kupita kiasi, na nilijua alipigana peke yake.

Akapasuliwa jicho la kulia wiki hiyo hiyo. Bandeji ilipoondolewa, alipepesa macho, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanigeukia. Akanikagua kuanzia kichwani, akishuka polepole, akakwama katikati.

"Baba Hope! Hiyo tumbo imetoka wapi, na mimi nakupikia managu mwezi mzima?"

Wodi yote ikageuka. Nikamwaga kila kitu papo hapo: Mutinda, madondo, chapati tatu. Nilitarajia ugomvi. Alicheka mpaka muuguzi akamwonya asitikise jicho.

"Haya," akasema akipangusa shavu. "Kesho ni siku ya kwanza. Yako."

Leo niko siku ya kumi na mbili. Mutinda ananiita kila nikipita, nami nageuza shingo. Nikidanganya sasa, Mama Hope anaona.