Kemia ya Jioni na Kiti cha Mwalimu

Watu wengi hudhani mtu akifeli mtihani anapata angalau nafasi ya kupumzika. Uongo mtupu. Mimi sijawahi kuchoka maishani kama mwaka ule uliofuata matokeo yangu ya kidato cha sita. Nilichoka mpaka kivuli changu kikawa kinatangulia nyumbani kuniwekea nafasi.

Nilikuwa nimesoma fizikia, kemia na biolojia. Matokeo yalipotoka, biolojia ilinihurumia. Fizikia ilinipungia mkono kwa mbali. Kemia ilinikana hadharani, kana kwamba hatukuwahi kukaa chumba kimoja miaka miwili. Chuo kikuu hakuna aliyeniita, na sikulaumu mtu.

Baba yangu ni mfugaji wa Chamwino, mwenye maneno machache kuliko ng'ombe wake. Nilimkuta zizini, nikamweleza. Akauliza swali moja tu, lilelile ambalo angeuliza kuhusu ndama:

"Sasa ina dawa?"

Dawa ilikuwepo. Inaitwa kozi ya msingi ya sayansi. Wenyewe tunaiita fondesheni. Unasoma mwaka mmoja, jioni, yale uliyoyashindwa mchana, na ukifaulu unaruhusiwa kuomba chuo kama wenzako. Mimi nilitaka kusomea maabara za hospitali, na kwa huko sharti lilikuwa wazi: kemia isishuke chini ya C. Ukipata D, mwaka wako umeliwa. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa naishi kwa ajili ya herufi moja. Nilikuwa naiota. Niliiona kwenye mkono wa kikombe na kwenye mwezi mchanga.

Mchana nilipakua saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ihumwa. Tangu serikali ihamie huku kila mtu anajenga, hata asiye na kiwanja anajenga. Mifuko niliyoibeba mwaka ule ingetosha kuinua mji mwingine na ikabaki ya uzio. Mafundi walikuwa wameshajua habari zangu, na fundi hana siri.

"Dokta! Leta mifuko kumi, mgonjwa ana hali mbaya!"

"Mwacheni jamani, anasoma msingi."

"Msingi si tunachimba sisi? Njoo tukufundishe bure, kijana, na cheti tutakuandikia."

Nilicheka nao, maana ukinuna wanaongeza. Ikifika saa kumi na moja nilinawa uso kwenye pipa, nikadandia gari lolote la mchanga linalorudi mjini, nikaingia darasani nikiwa na rangi ya sanamu iliyotoroka kwenye jukwaa lake. Mwezi wa sita upepo wa Dodoma unaweza kukunyoa ndevu bila wembe. Nilikaa karibu na dirisha kwa makusudi, ili baridi inizuie kusinzia. Haikunizuia. Nililala macho wazi. Ni ufundi, na ungekuwa na mtihani wake ningepata A.

Siku ya kwanza kabisa nilipoingia, nilimwona mtu mstari wa mbele, nywele nyeupe kama pamba, kalamu mbili mfukoni. Miguu yangu ilisimama wima kabla kichwa hakijapewa taarifa. Alikuwa Mwalimu. Simaanishi mwalimu wa kozi. Mwalimu wangu wa darasa la tano kule kijijini, aliyenifundisha sayansi na kunichapa kwa sababu ya sayansi hiyohiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Samahani, Mwalimu. Kumbe unafundisha hapa?"

"Nasoma. Kaa."

Nikakaa. Ndivyo nilivyojua kwamba nimepata mwanafunzi mwenzangu. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, akataka digrii ya ualimu wa sayansi kabla hajaondoka. "Wajukuu wameanza kusoma," aliniambia baadaye. "Sitaki mtu aniringie mezani kwangu."

Darasa lote lilikuwa la watu wazima waliochoka, lakini hakuna aliyefikia umri wake. Mkufunzi wetu wa kemia alikuwa dada mdogo kuliko karibu sisi sote. Kila kipindi alianza kwa kumgeukia mwanafunzi wake na kupiga goti kidogo: "Shikamoo, Mwalimu." Naye akajibu: "Marahaba, mwanangu. Endelea." Ndipo somo likaanza.

Maabara tuliazima ya shule moja ya sekondari, wenyewe wakishaondoka. Vifaa vilikuwa vichache, tukagawanywa wawiliwawili. Hakuna aliyetaka kupangwa na Mwalimu, maana nani anataka kukosolewa na mtu wa benchi lake mwenyewe? Nikaangukiwa mimi, kwa kuwa nilimzoea. Meza za maabara ni ndefu na stuli zote zilikuwa zimevunjika miguu, hivyo kila mtu alifanya kazi amesimama. Isipokuwa Mwalimu. Mama mmoja wa Kondoa, muuguzi msaidizi, alikwenda ofisini akarudi na kiti.

"Mzee asimame masaa mawili, na sisi tunaangalia? Tuna adabu au hatuna?"

Tulikuwa nayo. Mwalimu akakaa, na tangu siku hiyo kiti kikawa chake.

Kazi yenyewe ni hivi. Asidi inakaa kwenye mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo, unaitwa bureti, umeshikwa wima na stendi juu ya meza. Unafungua koki kidogo, asidi inadondoka tone kwa tone kwenye chupa yenye maji ya magadi na rangi ya njano. Rangi ikigeuka ya machungwa, unafunga haraka, unasoma kwenye alama ni kiasi gani kimetoka. Basi. Mtoto anaweza. Mimi nilishika koki na kutikisa chupa. Kusoma, asome nani? Mkubwa. Hatukukubaliana, wala hatukuhitaji kukubaliana. Yeye alisoma, mimi nikaandika, kisha akachukua daftari langu na kunisahihishia kwa tiki, kama zamani.

Majibu yetu hayakuwahi kufanana na ya wenzetu. Kila mara yalipungua. Si sana, kiasi kidogo tu cha kuudhi. Dada mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu, "Angalieni usomaji wenu," na chini yake alama ambayo hata mkosaji hastahili.

"Asidi ya hapa imechakachuliwa," Mwalimu alisema.

Nikabadilisha chupa ya asidi. Majibu yakapungua.

"Mkono wako unatetemeka. Mchana ulibeba nini?"

"Saruji, Mwalimu."

"Ndiyo hiyo."

Nikaanza kuuchukia mkono wangu. Nikaufunga kitambaa, nikaupaka mafuta, nikaubembeleza kama mgonjwa. Jaribio la kwanza tukapata D, la pili D. Nilirudi chumbani kwangu sina hata nguvu ya kukasirika. Kuna uchovu wa mwili, huo ukilala unaisha. Na kuna uchovu wa kufanya kitu sawasawa kila siku halafu kikatoka kibaya kila siku. Huo unaamka nao, unapiga nao mswaki.

Jioni moja Mwalimu alichelewa, alikuwa na kikao shuleni kwake. Siku hiyo tulikuwa tumepakua malori mawili kule dukani. Nikatega vyombo, nikajaza bureti, kisha magoti yakaniambia basi. Nikatazama mlangoni, nikajishusha kwenye kiti chake, dakika moja tu. Nikainua macho kuitazama bureti, na kile nilichokuwa nimekisoma nimesimama hakikuwa tena kile. Alama ilikuwa imehama. Nikasimama, ikarudi. Nikakaa, ikahama. Nilikaa na kusimama mara nyingi hata wenzangu wakadhani nimepandwa na mashetani.

Jicho lazima liwe sawa na uso wa maji. Tulifundishwa wiki ya kwanza. Ukitazama kutoka chini, alama zinakudanganya, na juu kabisa ya mrija zinakudanganya zaidi kuliko katikati. Ukitoa kipimo cha mwanzo kwenye cha mwisho, jibu linapungua. Haikuwa asidi, haukuwa mkono wangu. Ilikuwa heshima yetu, ile yenye miguu minne.

Nikamwendea dada mkufunzi.

"Dada, ulijua?"

Akatazama viatu vyake. "Nilijua."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambieje? Mzee, inuka? Mwambie wewe, si mwalimu wako?"

"Si mwanafunzi wako?"

Mama wa Kondoa alikuwa ametega sikio. "Asithubutu mtu! Kiti nilileta mimi. Nikisikia mtu amemwinua mzee wa watu, na mimi nitamwinua yeye, tena kwa masikio."

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa karibu, na ulikuwa wa wawiliwawili vilevile. Nilipiga hesabu zangu zote. Tukiharibu tena, D yangu ilikuwa imeshafika, imevua viatu na kukaa. Nikajaribu njia za pembeni.

"Mwalimu, miguu haifi ganzi? Ukisimama kidogo damu inatembea."

"Miguu yangu haina tatizo."

"Basi leo naomba nisome mimi, nijifunze."

"Kwanza jifunze kuandika saba ionekane saba."

Ungeniuliza kwa nini sikusema tu. Nimelelewa pale ambapo mtu mzima akiingia, wewe unatoka kwenye kiti. Sijawahi kuona mahali ambapo unamtoa yeye. Mdomo ulikuwa unafunguka, halafu maneno yanageuka njiani na kutoka yakiwa salamu.

Siku ya mtihani niliingia nimepinda. Asubuhi hiyo mgongo wangu ulikuwa umegoma chini ya mfuko, mafundi wakaninyoosha juu ya rundo la mchanga huku wakinisomea sala za maziko. Nilijua siwezi kusimama mtihani mzima. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikwenda mwenyewe ofisini, nikajiletea kiti. Nikakiweka karibu na cha Mwalimu.

Akakitazama. Akanitazama.

"Hicho cha nani?"

Sauti ileile ya darasa la tano. Ujasiri wote niliokuja nao ulitoka kwa mlango wa nyuma. Kukaa kikao kimoja naye, kazi ikiwa mbele yetu? Nikaona aibu, na aibu ikanisemea:

"Cha bureti, Mwalimu."

Sasa nimeshasema, nifanyeje? Nikainyanyua stendi na mrija wake kutoka mezani, nikaishusha juu ya kiti. Ikakaa pale, mbele ya uso wake, kama mgeni aliyekuja kuposa. Mimi nikapiga magoti sakafuni, nikashika koki. Mgongo ukasema afadhali.

Msimamizi, kijana mgeni kwetu, alisogea. "Mbona hii mmeiweka kwenye kiti?"

"Imechoka," Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Nenda kasimamie wengine, mwanangu."

Kisha akainama kidogo kusoma. Akarudisha kichwa chini, akaitazama bureti kwa kutokea pale alipozoea, akakiinua tena. Nilimwona anaelewa. Si jambo zuri kulitazama kwa mtu uliyemwogopa, na sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu lini nini, Mwalimu?"

"Usinifanye mjinga. Tangu lini nasoma kutoka chini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ninyi mnajua."

Meza ya pili mama wa Kondoa alianza kuosha chupa iliyokuwa safi.

"Mimi niliwafundisha kuuliza," Mwalimu alisema polepole. "Darasani kwangu nilisema, asiyeelewa aulize, aliyeona kosa aseme."

"Ulisema, Mwalimu. Na aliyesema ulimchapa."

Sijui neno hilo nililitoa wapi. Nafikiri ni mgongo uliosema. Nilisubiri dari idondoke. Mdomo wake ulicheza kama wa mtu anayetafuna mfupa mdogo wa samaki.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Fungua koki. Polepole, usitetemeke."

Nikafungua. Tukafanya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila alichosoma kilifanana na kilichotangulia, jambo ambalo halikuwahi kutokea mezani kwetu. Mara ya tatu akasogeza kiti chake nyuma. "Njoo usome na wewe," akasema, "tuone kama tunakubaliana." Nikajiburuta kwa magoti mpaka pale, nikasoma. Tulikubaliana.

Matokeo yalitoka tumeshatawanyika. Mwalimu alinipigia simu mwenyewe. Sikujua hata namba yangu aliipata wapi.

"Kemia una nini?"

"C, Mwalimu."

"Mimi B. Haina maana nilikuzidi sana. Wewe ulikuwa unaumwa mgongo."

Nilikwenda Chamwino kumwambia baba. Alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, baba."

"Kwa hiyo umemaliza."

"Hapana. Sasa ndiyo nimeruhusiwa kuanza."

Mkono ukasimama kwenye chuchu. "Miaka mingapi?"

Nikamwambia. Alifikiri, na ng'ombe akafikiri pia. Nilijitayarisha kumweleza habari za mkopo, za maabara, za herufi ile niliyoipata kwa magoti. Lakini nilipofungua mdomo ulitoka mwayo mrefu kiasi kwamba ndama alirudi nyuma.

"Basi lala kwanza," baba alisema.

Nililala mchana kweupe, kwenye ngozi, kibarazani kwa mama. Jogoo walishindwa kuniamsha, mbuzi walishindwa, na majirani waliokuja kunipongeza wanasema waliniimbia, wakala wali, wakaondoka.