Tabaka la Nta

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Nimechunga ng'ombe wa watu Choma, nimefunga marobota ya tumbaku Urambo, nimepasua mbao Usinge. Kila nilipokwenda niliuliza maswali, na mtu wa maswali hapendwi kazini. Ndiyo maana mhandisi mmoja aliponijibu ya kwangu, nilimpenda upesi kuliko alivyostahili.

Tulikutana Tabora mjini, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane. Alizaliwa humo na alitaka kufia humo. Wanawe walitaka kumwaga slabu ya zege juu ya kuta zilezile za zamani na kujenga vyumba vya ghorofani. Bibi alikubali kwa sharti moja, asihamishwe chumba chake cha nyuma. Mhandisi aliletwa aseme kama kuta zitabeba. Mimi nilichukuliwa nitoboe ukuta wa chumba hicho na kuandika kilichomo.

Nilitoboa kwa tindo siku mbili. Kutoka ndani kulikuwa na plasta ya saruji, kisha mstari mmoja wa matofali ya kuchoma, kisha chokaa juu ya chokaa, kwa sababu chumba kile kilikuwa kikipakwa kila Idi bila kukwangua ya mwaka uliopita. Mwisho zilikuja tofali nene za udongo. Kati ya matofali na chokaa niliona utando wa kahawia, mwembamba kama ukucha. Nikaukwangua, nikaunusa. Ulinuka mzinga wa nyuki.

"Hapo babu yangu alikuwa akiyeyushia nta," bibi aliniambia, amekaa mlangoni anachambua mchele. "Mvuke wote unapanda ukutani. Sisi watoto tukichora kwa kucha, tukichapwa. Baba alipotaka kuunenepesha ukuta kwa matofali, fundi alimwambia akwangue kwanza, hapa hapashiki kitu. Baba akasema, kwani nani atauona? Na wewe mjukuu wangu, mwambie huyo bwana wa kompyuta."

"Nitamwambia, bibi."

Mhandisi alikuwa akiniita profesa tangu siku ya kwanza. Vibarua walicheka, na mimi nikacheka nao.

"Profesa, tabaka ngapi?"

"Kumi na moja, mzee. Na chokaa nimehesabu zile zinazoonekana tu."

"Utaniulia kompyuta."

Akanivutia kiti, akanionyesha. Kompyuta inaukata ukuta vipande vidogo vidogo, kisha inauliza kila kipande kinasukumwaje na jirani yake. Tabaka likiwa jembamba mno, vipande vinakuwa vingi mno, na hesabu haiishi. Kwa hiyo tabaka zinazofanana unaziunganisha, unazipa nguvu moja ya wastani, na mashine inaziona kama kitu kimoja kilichogandamana, kama plaiwudi. Nilielewa yote. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya kuelewa.

"Tubakishe tabaka tatu," akasema. "Haya, kipi tutupe?"

"Kuna nta hapa katikati."

"Nta inabeba nini?"

"Haibebi kitu."

"Basi?"

Nilikuwa nimefunga tumbaku misimu miwili. Najua majani yaliyokauka yakipangwa bila kufungwa yanateleza, hata robota liwe nene kama ng'ombe. Ukuta ule haukuwa plaiwudi. Nusu ya ndani na nusu ya nje hazikushikana popote, na kila moja ingebeba mzigo peke yake. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mtu aliyesoma alikuwa ananingoja mimi niamue. Nikaikata nta kwenye orodha kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Ungesoma wewe, ungefika mbali," akasema.

Ukuta ulitoka wa bluu kwenye kioo cha kompyuta, bluu juu mpaka chini. Bluu ndiyo salama.

Slabu ilimwagwa. Baada ya miezi michache matofali ya ndani yakaanza kuvimba kuelekea kitandani kwa bibi. Wanawe wakapiga plasta juu ya ufa. Asubuhi moja, bibi akiwa uani anaanika kanga, mstari mzima wa matofali uliteleza ukaanguka juu ya kitanda. Nyuma yake ukuta wa zamani ulibaki umesimama, unang'aa kahawia, na michoro ya kucha bado inaonekana. Nyumba yote ikaamriwa ibomolewe. Niliitwa kibarua cha kubomoa, nikaenda. Mhandisi alikuwa ameshapata kazi mji mwingine.

Kurahisisha si kosa. Chokaa zote zile zingekuwa moja, na nyumba ingekuwepo leo. Kosa lilikuwa kulipima tabaka la nta kwa unene wake, na kati yetu wawili mmoja tu ndiye aliyelishika kwa mkono.

Bibi alihamishiwa Cheyo, kwenye chumba cha uani kwa mwanawe. Nilikwenda kumwona kabla sijaondoka Tabora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti. "Ulimwambia yule bwana habari ya nta?"

"Nilimwambia ipo."

"Ukamwambia kwamba hapashiki?"

Nikautazama ungo uliokuwa mapajani mwake. Akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe dogo, akalitupa karibu na mguu wangu. Nilisimama mpaka kivuli cha paa kikanipita, kisha nikaondoka, na hakuinua macho.