Jioni Nne za Kupiga Picha Nyota Iliyopasuka

Daktari wa macho hakuzunguka mbuyu: jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto huenda lisifike mvua zijazo. Nimefundisha fizikia Songea miaka mingi, najua uzito wa "huenda" ikisemwa na mtu anayetazama meza. Sikumwambia mtu.

Nilitaka picha moja tu. Kuna nyota ilipasuka zamani sana, na mabaki yake bado yametanda angani kama nyuzi za kitambaa kilichochanika. Ni hafifu mno, hata ukichungulia kwa darubini huyaoni. Lazima kamera ikusanye mwanga wake kidogo kidogo, picha mamia, kisha kompyuta izijumlishe. Kwetu huku yanakaa juu vizuri wakati wa mvua, wakati mawingu hayana adabu. Mvua zikikatika, unabakiwa na muda mfupi kabla mabaki hayo hayajaanza kuzama mapema. Mwaka huu mbalamwezi nayo ilikuwa njiani, na mwanga wake ungeyafuta. Nilikuwa na jioni nne.

Tatu nilizimaliza uani kwangu, Mjimwema, taa zote zimezimwa, nimejifunika blanketi gubigubi kwa baridi. Nilisali kwa hasira. Kwenye kompyuta nyuzi zilianza kujitokeza, kwa shida, bado hazijakamilika.

Jioni ya nne geti likafunguliwa. Wakaingia akina mama wa jirani, mikeka kwapani, kuni kichwani. Kabla sijainuka kwenye kiti, moto ulikuwa unawaka katikati ya ua na moshi unapanda mbele ya darubini. Huku kwetu mfiwa haachwi gizani peke yake, na wao walishaniona siku tatu nimejifunika nje, siwashi taa, sisemi na mtu.

"Mwalimu, pole sana," alisema bibi wa nyumba ya pili, ameshanishika mkono. "Nani katutoka?"

Hata shikamoo sikumpa.

"Zimeni moto!" nilipiga kelele. "Hakuna aliyekufa! Ni macho yangu. Napofuka, bibi. Nilitaka kuona kitu kimoja tu, na leo ndiyo ilikuwa ya mwisho!"

Mmoja alinyanyua ndoo ya maji akasogea motoni. Bibi akamzuia kwa mkono, akatandika mkeka, akaniketisha kando yake.

"Basi msiba upo," alisema, akaongeza kuni.

Nikalia kwa sauti, nao wakalia na mimi.